Aliandika, Akafuta, Akaandika Tena: Miezi 7 ya Kusanifu Programu ya Ulezi kwa Watu wa Kazi za Ubunifu

Skrini ya kwanza niliichora kabla sijaongea na mtu hata mmoja. Ilikuwa usiku, nimetoka kumkabidhi mteja kazi ambayo moyoni nilijua ina kasoro, na sikuwa na wa kumwonyesha kabla ya kuikabidhi. Nimefanya usanifu wa michoro kwa kujitegemea miaka 9, na miaka yote hiyo maswali yangu mazito nimejijibu mwenyewe: nitoze kiasi gani, nimfanye nini mteja anayechelewesha malipo, kwa nini narudia rangi zilezile. Usiku ule nikawaza, mbona kusiwe na programu ya simu inayomkutanisha aliyekwama na aliyekwishapita njia hiyo? Kulipopambazuka nilikuwa na skrini 12, zenye rangi na vivuli na picha za watu wanaotabasamu. Nilizipenda mno. Leo hakuna hata moja iliyobaki.

Kazi ile ilinichukua miezi 7 na theluthi mbili ya akiba yangu. Nilikuwa mimi na mtayarishaji programu mmoja niliyemlipa kwa wiki. Walengwa wetu walikuwa wachoraji, waandishi, wapiga picha, wahariri wa filamu, watunzi wa muziki na wasanifu kama mimi, watu ambao kazi zao hufanyika upweke na hupimwa hadharani. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kujenga kitu cha aina hii, maana sehemu kubwa ya hasara yangu ingeepukika kwa wiki 2 tu za kusikiliza watu.

Nilibeba skrini zangu nikaanza mahojiano. Niliwapata watu 11, wengi wao vijana, na kila mmoja nilimuuliza swali lilelile: "Kukiwa na programu ya kukuunganisha na mbobezi wa fani yako, utaitumia?" Wote 11 wakasema ndiyo. Wengine wakanipongeza kwa wazo zuri. Furaha niliyorudi nayo siku ile ndiyo iliyonigharimu kuliko kosa lolote, kwa sababu kwa nguvu ya zile ndiyo 11 nilimwambia mtayarishaji programu aanze kazi.

Mtu ukimuuliza kama atafanya jambo jema siku zijazo atakuambia ndiyo, hasa akiona una hamu nalo. Hakudanganyi. Anakustahi, na anakujibu kwa niaba ya yule mtu anayetamani kuwa. Ukitaka ukweli, muulize lililokwisha kutokea. Miezi 2 baadaye, pesa zikiwa zimeanza kupungua, niliwarudia 8 kati yao kwa maneno mengine: "Mara ya mwisho ulipokwama kwenye kazi, ulifanya nini? Nisimulie tangu mwanzo." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza nako nilijifunza kwa taabu. Sekunde 5 za kimya mbele ya mtu usiyemzoea ni ndefu, unatamani kuzijaza kwa neno lolote, lakini ndani ya kimya hicho ndimo watu husema lile ambalo hawakupanga kulisema.

Dada mmoja, mchoraji wa vitabu vya watoto, alitoa simu akanionyesha ujumbe aliomtungia mchoraji mkongwe anayemheshimu. Haukuwa umetumwa. Ulikuwa umelala kwenye rasimu miezi 5. Ulianza kwa salamu, ukaomba radhi kwa usumbufu, ukaomba radhi mara ya pili, halafu ukakatika: "Nilikuwa naomba kama ungeweza". Hapo hakujua aombe nini. Mhariri wa filamu alisema kazi zake humtumia rafiki yake usiku, rafiki asiye wa fani, na rafiki humjibu "iko poa". Mwandishi wa riwaya alisema anawajua watu 3 wanaoweza kumsaidia, namba zao anazo, na hajawahi kuwapigia.

Kila jambo walilosema niliandika kwenye kipande chake cha karatasi, nikavibandika vyote ukutani, nikavikusanya vilivyofanana. Nilitarajia fungu kubwa liwe la "simjui mbobezi yeyote". Fungu hilo lilikuwa na vipande 4. Lililojaa hadi likaufikia mlango lilikuwa la sauti nyingine: sijui nimwambie nini, naogopa kumpotezea muda, kazi yangu haijafika pa kuonyeshwa, atanionaje. Tunaambiwa tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga, na tunaamini, ila kuamini huko hakumpi mtu maneno ya kuulizia. Nilisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Programu niliyokuwa nikiilipia kila wiki ilikuwa inatibu shida ya vipande 4.

Kosa la pili liliwaumiza wengine zaidi yangu: sikuwa nimemhoji mlezi hata mmoja, yaani yule mbobezi wa kumsaidia aliyekwama. Kitu cha aina hii kina pande 2, na ule upande adimu ndio unaoamua kama kitaishi. Wanaotafuta msaada ni wengi siku zote. Wenye ujuzi, subira na nafasi ni wachache, na wakichoka huna wa kuziba pengo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nao wa walezi niliuona mwepesi hivyohivyo, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuubeba. Kwenye zile skrini 12 mlezi alikuwa picha, jina na nyota.

Nilipowatafuta hatimaye, nikapata 6 wa kuzungumza nami. Mpiga picha mmoja, mzee wa miaka 30 kazini, alinijibu kwa upole lakini bila kuzunguka: "Kila wiki napata ujumbe unaosema 'naomba uwe mlezi wangu'. Mwanangu, nikikubali, nimekubali nini? Saa ngapi? Mpaka lini? Nikikataa naonekana nina roho mbaya. Basi sijibu." Akatulia kidogo, akaongeza: "Lakini niletee picha moja, uniulize kwa nini uso umetoka bapa, nitakujibu hata nikiwa kwenye foleni."

Maneno hayo ndiyo yaliyoigeuza programu. Mwanagenzi, yaani yule anayetafuta msaada, hajui aombe nini. Mlezi hajui anakubali nini. Ni ugonjwa mmoja unaoonekana kutoka pande 2: ombi lisilo na umbo. Na mimi, badala ya kulipa ombi umbo, nilikuwa nimechora barabara nzuri ya kulifikisha haraka zaidi.

Baadaye nilisoma kazi ya mtafiti Kathy Kram, ambaye mwaka 1983 alieleza kwamba uhusiano wa ulezi kazini hupitia hatua 4: kuanza, kukua, kutengana, na kufafanuliwa upya. Alionyesha pia kwamba msaada wa mlezi hufanya kazi 2 tofauti. Moja ni ya kuinua kazi ya mtu, kwa kumfungulia milango na kumpa changamoto. Nyingine ni ya moyo: kumthibitisha, kumsikiliza, kuwa mfano anaouona kwa macho. Nilipolinganisha na skrini zangu nikaona nilichora nusu tu ya mambo. Hapakuwa na mahali pa mtu kusema "nimevunjika moyo", wala pa mwingine kujibu "na mimi nilipita hapo". Hatua za kutengana na kufafanua upya sikuzichora kabisa. Programu yangu ilijua kuanza, haikujua kuachana.

Tukaanza upya. Ombi likawa na mambo 3 tu. La kwanza ni kazi yenyewe, na yenye kipimo: picha 1, au kurasa zisizozidi 3, au dakika 2 za sauti au filamu. La pili ni swali moja. La tatu ni aina ya jibu unalotaka, unalichagua: "Nionyeshe kasoro", "Nisaidie kuamua kati ya hivi viwili", au "Nataka kujua kama nawe ulipita hapa". Hilo la mwisho nililiweka kwa kusitasita, nikidhani halitaguswa. Ndilo watu walilolishukuru zaidi walipotuandikia. Mlezi naye akapewa uwezo wa kusema mapema atapokea wanagenzi wangapi kwa wakati mmoja, mwisho 3, na kitufe cha "Napumzika" kinachomwondoa kwenye orodha bila kumtaka aeleze sababu. Ukijenga kitu kama hiki, jenga kitufe hicho kabla ya kingine chochote cha walezi. Mtu asiyeweza kupumzika kwa heshima ataondoka kimyakimya, na akiondoka harudi.

Hapa katikati kuna wiki 3 ninazozijutia. Nilikuwa nimesoma kuhusu David Gale na Lloyd Shapley, wanahisabati ambao mwaka 1962 walichapisha njia ya kuoanisha makundi 2 ili pasibaki watu 2 ambao wote wangependeleana wao kwa wao kuliko waliopangiwa. Mwaka 2012 Shapley na Alvin Roth walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za mkondo huo, na nchini Marekani njia za jamaa hiyo hutumika kuwapanga madaktari wanaoanza kwenye hospitali za mafunzo. Nikasema hii ndiyo dawa yetu. Mtayarishaji programu akaijenga, na aliijenga vizuri. Tatizo ni kwamba njia ile inataka kila upande uupange upande wa pili kwa mpangilio wa upendeleo, na wakati huo tulikuwa na wanagenzi 40 na walezi 9 ambao hawajuani hata kidogo. Mtu atampangaje asiyemjua? Tukawapa fomu ya kuweka alama kwenye mambo wanayoyapenda, tukayageuza kuwa upendeleo, na mashine ikamwoanisha mshairi na msanifu wa nembo kwa kuwa wote walitia alama kwenye "lugha". Mshairi aliniandikia kwa adabu akiuliza kama kuna kosa. Kosa lilikuwa langu, na nililipia wiki 3 za ujira kulitengeneza.

Nikaoanisha kwa mkono. Nilisoma kila ombi, nikamwandikia mlezi ninayedhani anafaa, nikamuuliza kama yuko tayari. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyonifundisha nisichoweza kukisoma popote. Niligundua kwamba hatua waliyofikia watu ina uzito kuliko fani. Aliyefungua fundo lile miaka 3 au 4 iliyopita mara nyingi anasaidia kuliko gwiji aliyelifungua zamani akasahau lilikuwa fundo. Mzee wetu mpiga picha ni kati ya wachache wanaokumbuka bado. Ushauri wangu ni kwamba jozi 50 za mwanzo uzioanishe mwenyewe, kwa macho yako, ukiandika kila mara kwa nini umeoanisha hivyo na matokeo yakawaje. Mashine ije baadaye ikute kuna cha kujifunza.

Sasa nije kwenye siku niliyokwisha kuidokeza kwenye kichwa cha makala haya.

Kwa jaribio la kwanza la utumikaji, yaani la kuona kama watu wanaweza kuitumia programu bila kukwama, niliita watu 5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa majaribio ya aina hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni afadhali majaribio madogo kadhaa kuliko moja kubwa. Wengi hunukuu hiyo 5 na kusahau maneno yaliyoifuata: kama una makundi ya watumiaji yanayotofautiana sana, kila kundi lijaribiwe kwa watu wake. Mimi niliita wanagenzi 5, walezi 0, nikaridhika. Hilo nalo nililirekebisha baadaye.

Wa tatu kuingia alikuwa yule dada mchoraji. Nilimpa simu yenye toleo la kwanza linalofanya kazi, nikamwambia: "Tafuta msaada kwa kazi uliyo nayo sasa hivi. Unachowaza, kiseme kwa sauti." Alichagua picha yake bila shida, binti aliyekaa kwenye ngazi gizani, amenyanyua taa kwa mkono wa kulia. Akafika kwenye kisanduku cha swali. Kilikuwa kitupu, chenye maandishi hafifu: "Andika swali lako hapa." Akaandika, "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu". Akafuta. Akaandika, "Habari za kazi". Akafuta. Akaandika swali refu, akalisoma kwa midomo bila sauti, akafuta nusu yake. Kidole gumba kikapanda juu ya kitufe cha "Omba Mlezi" na kikabaki hapo, hakigusi. Alikuwa ameacha kusema kwa sauti anachowaza. Nilipotazama video baadaye nilihesabu sekunde 48.

Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Bonyeza tu dada, ni jaribio." Akabonyeza, akacheka kidogo, akanirudishia simu. Kwa neno moja nilikuwa nimeondoa kitu chenyewe nilichokuja kukitazama. Mtu akikwama mbele yako kwenye jaribio, kaa juu ya mikono yako kama ni lazima, ila usimwokoe. Nyumbani kwake hutakuwepo.

Nilibahatika kwamba alisema mwenyewe: "Ingekuwa kweli, kaka, nisingebonyeza." Nikamuuliza kwa nini. "Neno lenyewe. Mlezi ni mtu aliyekubeba. Mimi nataka aniangalizie mkono wa huyu mtoto tu."

Nilikuwa nimetumia wiki nzima kuchagua rangi ya kitufe kile na dakika 1 kuchagua neno lake. Kwa Kiswahili tuna maneno mengi ya kumwita mtu huyu na kila moja lina uzito wake. Mlezi analea. Mwalimu anafundisha, na mbele yake unakuwa mwanafunzi anayesubiri kusahihishwa. Mnasihi unamwendea ukiwa na jambo la moyoni. Mshauri yu karibu na ofisi. Fundi na mwanagenzi ni jozi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu katikati yao huwa kuna kazi ya mikono wanayoitazama wote wawili, lakini baadhi ya waandishi waliniambia hawajioni kuwa mafundi. Mwishowe sikutafuta tena jina la mtu. Kitufe kikawa "Tuma Swali". Na kisanduku kitupu tukakijaza sentensi yenye mapengo: "Hapa nimejaribu … lakini naona …. Je, …?" Mtu anajaza mapengo, na kama hayataki anayafuta na kuandika atakavyo. Hakuna kitu tulichokibadilisha kilicholeta tofauti kubwa kuliko hicho, na hakikuhitaji hata siku nzima ya mtayarishaji programu.

Usiku wa siku ile nilizifuta zile skrini 12. Nililia, sitaficha. Nililia kwa ajili ya pesa, na kwa ajili ya zile sekunde 48, kwa sababu nilimjua mtu yule. Nilikuwa mimi wa miaka 9 yote, na bado sikumchorea chochote cha kumsaidia.

Mengine niyataje kwa kupita. Nyota za kuwapima walezi tuliziondoa: watu hawathubutu kumpa aliyewasaidia bure chini ya nyota 5, na mlezi mmoja aliyepewa 4 hakulala. Badala yake mwanagenzi anaulizwa faraghani maswali 2: jibu limekusaidia kuendelea? ungependa kumuuliza tena? Maandishi yangu ya kijivu hafifu, niliyoyaona ya kisasa, yalikuwa chini ya uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 ambao miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti (ya kuhakikisha kila mtu anaweza kuutumia, hata mwenye uoni hafifu) inautaka kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake. Mzee mpiga picha hakuweza kuyasoma. Pima kabla hujapenda.

Saa ilitusumbua kuliko nilivyodhani. Programu ilionyesha mazungumzo yatakuwa "3:00". Mlezi akasoma saa 9 alasiri, ndivyo simu zinavyohesabu. Mwanagenzi akasoma saa 3 usiku, ndivyo tunavyosema. Mmoja alisubiri peke yake nusu saa na akaondoka na kinyongo, mwingine akaja usiku akakuta kimya, akaamini amepuuzwa. Mtu aliyehitaji miezi kupata ujasiri wa kuuliza, kimya kile kilimrudisha alikotoka, na ilinichukua wiki kumshawishi ajaribu tena. Sasa kwenye hifadhidata tunatunza saa kwa kipimo kimoja cha dunia, UTC, na kwenye skrini tunaandika kwa ukamilifu: "saa 9 alasiri (15:00), bado saa 4". Hiyo "bado saa 4" ndiyo inayookoa, maana haitegemei mtu anahesabu kuanzia wapi.

Kuna jambo moja ambalo singependa mtu alipite haraka. Mwandishi wa riwaya aliniuliza: "Nikimtumia rasimu yangu, nitajuaje hataichukua?" Sikuwa na jibu, nikaenda kusoma. Chini ya Mkataba wa Berne, ulioanzia mwaka 1886 na ambao nchi nyingi za dunia zimejiunga nao, hakimiliki ya kazi hupatikana bila kulazimika kuisajili. Lakini kinacholindwa ni namna ulivyolieleza wazo, wala si wazo tupu. Tuliyaandika hayo kwa lugha nyepesi kwenye skrini ya kupakia kazi, hatukuyaficha ndani ya masharti yasiyosomwa. Tukaongeza uwezo wa mwenye kazi kuiondoa wakati wowote, na kumbukumbu inayomwonyesha nani ameifungua na lini. Havizuii wizi wote. Vinampa mwenye kazi kitu cha kushika.

Na lilitokea baya zaidi ya hofu yake. Mlezi mmoja alianza kumpa mwanagenzi wake kazi za wateja wake mwenyewe azifanye bila malipo, kwa jina la mazoezi. Binti yule alizifanya wiki 4 kabla hajamwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakutuarifu alijibu kwamba aliangalia kwenye programu na hakuona mahali pa kusemea. Ni kweli, hapakuwepo. Nilikuwa nimejenga mahali pa kumshukuru mlezi na sikujenga mahali pa kumshtaki. Nilimwondoa mlezi yule siku ileile, nikamwandikia binti kumwomba radhi, na bado linaniuma. Usifungue programu ya ulezi hata kwa watu 5 kabla hujaweka "Ripoti" na "Zuia" ndani ya kila mazungumzo, kabla hujaamua nani hasa atasoma ripoti hizo na kwa muda gani, na kabla hujaandika waziwazi kile ambacho mlezi haruhusiwi kukiomba: kazi ya bure, pesa, picha za faragha, mazungumzo ya kuhamia kwenye namba binafsi. Mwenye ujuzi na asiye nao hawaketi sawa. Kila skrini uichore ukilijua hilo.

Skrini ya mwisho kuichora ilikuwa ya kuachana. Kabla yake mahusiano yalikuwa yanakufa kwa kutojibiana, na kila upande ukibaki na hatia. Sasa jozi inadumu wiki 6. Wiki ya mwisho programu inawauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, kama waendelee, waachie hapo, au wabaki wakijuana kama wanataaluma wenzao. Wakitofautiana, chaguo la uhusiano mdogo zaidi ndilo linalofuatwa, na hakuna anayeonyeshwa mwenzake alichagua nini. Walezi 2 waliokuwa wamejitoa walikubali kurudi nilipowaonyesha skrini hiyo. Mmoja wao ndiye yule mchoraji mkongwe wa kwenye ujumbe wa miezi 5. Nilikuwa nimempata mapema, nikampoteza kwa kumtwika wanagenzi 7 kwa mpigo.

Wiki 3 baada ya kufungua toleo jipya, yule dada alinitumia picha ya skrini yake. Alikuwa ametuma ombi saa 5 usiku. Juu ni binti aliyekaa kwenye ngazi na taa yake, chini maneno haya: "Hapa nimejaribu kuonyesha kuwa taa ni nzito, lakini naona kama inaelea. Je, nianzie bega au kiganja?" Hakuna samahani hata moja. Jibu lilikuja asubuhi: "Anzia bega. Lishushe upande wa taa, shingo iegemee upande wa pili. Mimi mkono kama huo ulinitesa sana, usikate tamaa."

Kesho yake akanitumia picha nyingine. Bega lilikuwa limeshuka.